Naamani na Dawa ya Kila Siku

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani

Andiko kuu: 2 Wafalme 5:1–15
Maandiko ya kusaidia: Isaya 38:1–5 na 21, Luka 14:28–30, Luka 17:11–19, Walawi 14:1–9
Lengo la somo: Tuelewe matibabu ya methadoni yanavyoendeshwa, ili tujue kumsindikiza mwenzetu aliyeyaanza bila kumharakisha kuyaacha.

UTANGULIZI

Jumapili tulisoma habari za Naamani, na wengi mkaomba somo liandikwe vizuri ili mkalijadili nyumbani. Tuseme ukweli. Hapa Pwani unga si habari ya mbali. Umekuwa nasi tangu miaka ya 1980, na karibu kila mtaa una mama ambaye hufungia sufuria chumbani asikute zimeuzwa. Wengine wa hao akina mama tunaketi nao safu moja.

Sasa kuna jambo limeanza kutokea kanisani nalo ni jema: vijana wanaotumia unga wanakuja, wanaokoka, na baadhi yao wako kwenye kliniki ya methadoni. Swali tunaloulizwa, na mara nyingine linaulizwa kwa kunong'ona nyuma ya mgongo wa mtu, ni hili: "Kama ameokoka kweli, mbona bado anaenda kunywa ile dawa kila asubuhi?"

Swali hili likijibiwa vibaya, mtu anaweza kufa. Mtaona kwa nini.

1. NAAMANI ALITAKA UPONYAJI WA AINA YAKE

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu, mtu wa heshima, lakini alikuwa na ukoma. Alipofika kwa Elisha hakupokewa na nabii mwenyewe. Alitumiwa mjumbe tu na maagizo mafupi: nenda Yordani, ukaoge mara saba.

Alikasirika, na mstari wa 11 unatuonyesha sababu. Alikuwa tayari na picha kichwani. Nabii atatoka, atasimama, ataliitia jina la Bwana, atapitisha mkono juu ya kidonda, basi mambo yameisha. Si hiyo ndiyo picha yetu pia? Mtu aje mbele, awekewe mikono, aanguke, ainuke mzima, na Jumapili inayofuata atoe ushuhuda.

Mimi naamini Mungu anaweza kufanya hivyo, na sitaki mtu atoke kwenye somo hili akifikiri tumepunguza imani. Lakini Mungu yuleyule ndiye aliyemtuma Naamani mtoni. Na kwa Hezekia alifanya yote mawili pamoja: katika Isaya 38 mfalme aliomba akilia, Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15, halafu nabii huyohuyo akaagiza tini zikandwe na kuwekwa juu ya jipu. Maombi yalijibiwa, na dawa ikapakwa. Isaya hakuona aibu.

2. METHADONI NI NINI, NA INAFANYA NINI?

Heroini, ambayo sisi tunaiita unga, hukaa mwilini kwa saa chache. Ikiisha, arosto inaingia: mwili kuuma, mafua, tumbo kukata, jasho na baridi kwa pamoja, na usingizi hakuna. Ndiyo maana mtu anatafuta kete asubuhi, mchana na usiku. Kufikia hapo wengi hawatafuti raha tena. Wanakimbia arosto.

Methadoni inashika mahali palepale kwenye ubongo ambapo unga unashika, lakini inaingia polepole na kukaa muda mrefu, saa 24 hadi 36. Dozi ikiwa sawa, mtu hana arosto na wala halewi. Kiu ya unga inapungua, na hata akiteleza akatumia, haupati ule mlipuko wa zamani. Kuna dawa nyingine ya kazi hiyo inaitwa buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi. Shirika la Afya Duniani liliziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Hapa Kenya, kliniki ya kwanza ya umma ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Malindi ikafuata mwaka 2015, kisha Kisauni, Kombani kule Kwale, Ngara, na baadaye Kisumu. Watu huziita kliniki za MAT.

"Basi amebadilisha unga kwa unga mwingine tu?" Hapana. Mtu wa unga hajui kete ina nini ndani, anaiba ili aipate, anashiriki sindano, na siku yake nzima inaliwa na kutafuta. Mtu wa methadoni anajua miligramu ngapi anakunywa, anapewa na muuguzi, halafu saa tatu asubuhi yuko kazini. Mwili wake unaitegemea dawa, ndiyo, kama vile mwili wa mzee wa presha unavyotegemea kidonge chake. Paulo katika 1 Wakorintho 6:12 anakataa kutawaliwa na kitu chochote. Hebu jiulize: kati ya hao wawili, ni nani anayetawaliwa?

3. SAFARI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Yesu katika Luka 14 anasema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu. Ndugu anayefikiria kuanza, na familia yake, wapige hesabu hivi.

Kwanza, kuandikishwa. Kwa kawaida mtu haingii moja kwa moja na kupewa dawa siku hiyohiyo. Mara nyingi anaanzia kwa shirika la kijamii linalofanya kazi maskani, anaonana na mshauri mara kadhaa, kisha anapelekwa kliniki. Huko anaulizwa historia yake, anapimwa mkojo kuthibitisha ni unga, anapimwa virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Anaelezwa masharti na anatia sahihi kwa hiari yake. Mama hawezi kumtilia sahihi. Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu ya kuambiwa "rudi Jumatano." Mtu wa kumwambia "Jumatano twende wote" ana faida kubwa sana wakati huu.

Pili, siku ya kwanza. Asifike akiwa amelewa unga, pombe au vidonge. Dozi ya kwanza ni ndogo, mara nyingi haizidi miligramu 30. Anaweza kurudi nyumbani bado ana arosto kidogo, akasema dawa haifanyi kazi. Inafanya. Methadoni hujikusanya mwilini siku baada ya siku, na nguvu ya dozi ileile haijulikani vizuri mpaka siku kama tano zipite.

Tatu, wiki mbili za kwanza. Hizi ndizo za hatari zaidi. Mtu akiona dozi haitoshi, akaongezea kete, au mnazi, au vidonge vya usingizi kama bugizi, pumzi inaweza kusimama akiwa amelala. Daktari anapandisha dozi kidogokidogo kwa sababu hiyo. Hatumchelewishi kwa kumwonea. Familia zijue dalili: mtu amelala haamki hata ukimsugua kifuani, anakoroma kwa mkoromo wa ajabu, midomo imepauka au imekuwa ya bluu, pumzi ni za mbali. Usimmwagie maji na usimnyweshe maziwa. Mlaze kwa ubavu, tafuta gari, mkimbize hospitali. Kama pumzi imekatika, mpulizie mdomoni mkiwa njiani. Iko dawa inaitwa naloksoni inayoweza kumrudisha, lakini lazima afike akiwa hai.

Nne, dozi ya kutulia. Baada ya wiki kadhaa wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Msilinganishe. Dozi kubwa haimaanishi dhambi kubwa, na ndogo haimaanishi imani kubwa. Kila siku anaenda dirishani, anakunywa mbele ya muuguzi, anazungumza kidogo ionekane amemeza, anaondoka. Akikosa siku tatu mfululizo asidhani atapewa kile kiasi cha zamani. Lazima daktari amwone kwanza, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu. Dawa nyingine pia zinagongana nayo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, kwa mfano, huondoa methadoni mwilini haraka na arosto ikarudi. Kwa hiyo aseme kila dawa anayotumia, hata ya miti shamba.

Tano, miezi na miaka. Hapa ndipo maisha yanajengwa upya: ushauri nasaha, kupatanishwa na nyumbani, kazi. Waliotulia kwa muda mrefu wanaweza kuruhusiwa dozi ya kubeba. Ikifika nyumbani ifungiwe kwa kufuli, maana kiasi cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto. Kuhusu kuacha, ushauri wa kawaida ni kwamba asifikirie kabla ya mwaka mmoja kwisha, na hata hapo dozi ishushwe polepole na daktari. Wengine hukaa nayo miaka mingi, wakilea watoto wao na kulipa kodi ya nyumba.

Neno kwa dada zetu: wanawake wanaotumia unga wapo, ila aibu inawaficha zaidi. Dada akiwa mjamzito asiache methadoni ghafla. Ni hatari kwake na kwa mimba. Matibabu yanaendelea, kliniki ya wajawazito iambiwe, na mtoto akizaliwa madaktari watamwangalia kama ana dalili za kuikosa dawa, nazo zinatibika.

4. YORDANI MARA SABA

Biblia haituambii kwamba Naamani alipozama mara ya tatu ngozi ilianza kubadilika. Inawezekana alipanda kutoka majini mara sita akiwa na ukoma wake uleule, mbele ya watumishi wake wote. Angeondoka mara ya nne, angesema nimejaribu na haikusaidia.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame sana, wapendwa. Yuko ndugu amefikisha miezi minne kliniki. Anakula vizuri, amenenepa, anakuja ibadani. Anahudhuria kesha, mtu anamwambia, kwa upendo kabisa: "Ndugu, umewekwa huru, usirudi tena kwenye ile dawa. Kuirudia ni kukosa imani." Anaamini. Anaacha Jumatatu. Methadoni inaisha mwilini taratibu, arosto yake inachelewa kuanza lakini inadumu kuliko ile ya unga. Wiki ya pili hajalala, na anaona aibu kurudi kliniki, na anaona aibu zaidi kuja kanisani. Anarudi maskani. Anatumia kile kiasi alichokizoea mwaka jana, lakini mwili wake wa leo hauwezi tena kukibeba. Tunaitwa kwenye mazishi, na tunasema alirudi nyuma.

Ndugu huyo hakurudi nyuma kwa kutaka. Tulimtoa mtoni mara ya nne.

Nchi hii ilishapita njia hiyo na dawa za virusi vya UKIMWI. Watu waliambiwa wazitupe baada ya maombi, na tukawazika. Leo hakuna mchungaji mwenye akili anayemwambia mshirika atupe ARV. Tusisubiri makaburi mengine ndiyo tujifunze somo lilelile kuhusu methadoni.

"Je, kama Mungu amemponya kweli usiku ule?" Sifa kwake! Basi tufuate utaratibu wa Yesu mwenyewe. Wale wenye ukoma kumi katika Luka 17 aliwaagiza waende kwa makuhani wakaonekane. Kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kukagua na kumtangaza mtu kuwa safi, na ukisoma Walawi 14 utaona hata hapo kulikuwa na siku saba za kungoja. Uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Aende kliniki, aseme "naona niko tayari kupunguza," na daktari ashushe taratibu huku anamwangalia. Kama ni Mungu, kushuka kutakuwa kwepesi. Hakuna kilichopotea.

5. KAZI YA WATUMISHI WA NAAMANI

Tazama ni nani waliomwokoa jemadari. Msichana mtumwa aliyejua mahali pa msaada akasema. Na watumishi waliomfuata, wakamwita baba, wakamtuliza: kama ungeambiwa jambo gumu ungelifanya, sembuse hili dogo? Hawakuwa manabii. Walikuwa watu wa kusindikiza. Hiyo ndiyo kazi ya kanisa, nayo ina sura hizi:

a) Nauli. Katika kliniki za umma dawa ni bure, lakini matatu si bure. Tuseme nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Hiyo ni 100 kwa siku, 3,000 kwa mwezi, kwa mtu ambaye hana kibarua. Watu wengi wanaacha matibabu kwa sababu ya hesabu hii, wala si kwa kupenda unga. Kikundi cha watu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 300 kwa mwezi, kimembeba mtu mmoja. Mwulize yeye mwenyewe ni njia gani ingemfaa, pesa mkononi au mwenye boda alipwe moja kwa moja. Asionewe, na asijaribiwe.

b) Saa ya kazi. Mlio na maduka, gereji na mijengo: mtu wa methadoni anaweza kufanya kazi, lakini lazima apite kliniki kila siku, hata sikukuu. Mpe aingie saa moja baadaye na atoke saa moja baadaye. Kwa biashara yako ni hasara ndogo sana.

c) Mfungo na kesha. Kanisa likifunga, yeye anywe dozi yake. Akikesha, asubuhi apitie kliniki kabla ya kulala.

d) Ulimi. Tusiandike jina lake kwenye kundi la WhatsApp ati "tumwombee ndugu fulani wa methadoni." Na tuache neno teja. Anaitwa kwa jina alilopewa na mamake.

e) Madhabahu. Tusimpandishe kutoa ushuhuda wiki ya pili. Makofi yale yanakuwa mzigo, na siku akiteleza hana mahali pa kusema. Akitaka kushuhudia, yeye ndiye achague wakati.

f) Akiteleza. Mkojo ukionyesha unga, hiyo ni sababu ya daktari kutazama dozi na mshauri kukaa naye. Kwetu iwe sababu ya kumtembelea. Aliyekosa dozi mbili arudi kesho yake, na mmoja wetu aende naye.

6. NENO KWA ALIYE MTONI

Ndugu yangu, dada yangu, unayesoma hili ukiwa na kadi ya kliniki mfukoni: wewe hujaokoka nusu. Kila asubuhi unapopanga foleni pale dirishani unafanya jambo gumu, na unalifanya bila kupigiwa makofi. Omba ukiwa kwenye ile foleni. Shukuru unapokunywa. Mtu akikuambia uache, mjibu kwa upole kwamba utazungumza na daktari wako, kisha nenda dirishani kama kawaida. Ukimaliza, njoo ibadani. Kiti chako kipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni picha gani ya uponyaji tuliyo nayo vichwani, na imewahi kumkwaza nani?
2. Soma tena mstari wa 13. Tukiwa watumishi wa Naamani, tungemwambia nini mtu anayetaka kuacha dawa ghafla?
3. Kikundi chetu kinaweza kubeba nauli ya mtu mmoja kwa miezi sita? Pigeni hesabu leo na mchague mweka hazina.
4. Nani kati yetu anajua kliniki iliyo karibu, na anaweza kumpeleka mtu wiki hii?

TUOMBE

Baba, tunakushukuru kwa Yordani, na kwa kila dirisha ambalo watoto wetu wanapokelea uhai. Wape madaktari na wauguzi hekima. Walio mtoni uwape nguvu ya kuzama tena kesho. Sisi tunaosimama kando uzuie midomo yetu isiwatoe majini kabla ya wakati, na utufungue mikono tuwasindikize. Akina mama wanaolia usiku, wafute machozi. Katika jina la Yesu, Amina.